Seva Iamke Pamoja na Kompyuta

Maelezo kwa makatibu na wanachama wa vyama vya msingi



Chama cha msingi kinachoweka hesabu za mizani na malipo katika kompyuta, na kumwezesha kila mwanachama kuziona hesabu hizo kwa simu yake akiwa ofisini au ghalani, kimepiga hatua ya maana. Mwanachama hana haja tena ya kumsihi karani amfungulie daftari. Kilo zake, tarehe zake na fedha zake zipo mbele ya macho yake, naye aweza kuuliza pale anapoona shaka.

Lakini haki hiyo ina adui mdogo ambaye watu wengi hawamtambui mpaka siku ya malipo. Umeme hukatika usiku na kurudi alfajiri. Kompyuta inaonekana inawaka, taa zake ni za kijani, lakini kurasa za hesabu hazifunguki. Wanachama wamejipanga barazani, na kijana mmoja tu ndiye ajuaye amri ya kuifufua seva, naye amesafiri. Chama kizima kinasimama kwa sababu ya mtu mmoja kutokuwapo. Hilo si jambo la kawaida la mashine ambalo hatuna budi kulivumilia. Ni kasoro ya mpangilio, nayo huondolewa kwa kazi ya nusu saa. Makala haya yanaeleza kazi hiyo.

SEVA NI KITU GANI?

Neno seva hutumika kwa maana mbili, nazo zisichanganywe. Maana ya kwanza ni kompyuta yenyewe inayowekwa mahali pamoja ili kuwahudumia wengi. Maana ya pili ni programu inayokaa ndani ya kompyuta hiyo ikingojea maombi. Simu ya mwanachama huomba ukurasa. Programu huutafuta au huutengeneza, kisha huupeleka. Katika makala haya, tunaposema seva tunakusudia ile programu.

Seva za wavuti zinazotumika sana ni Apache, iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 1995, na nginx, iliyotungwa na Igor Sysoev wa Urusi na kutolewa kwa umma mwaka 2004. Zote mbili hupatikana bila malipo. Ndivyo ilivyo pia kwa Linux, mfumo wa kuendeshea kompyuta ambao kiini chake kilianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, wakati huo akiwa mwanafunzi mjini Helsinki, nchini Finland. Kwa hiyo chama kidogo chaweza kutumia vyombo vile vile vinavyotumiwa na makampuni makubwa ya dunia.

Ikumbukwe pia kwamba seva haihitaji intaneti ili itumike ofisini. Kompyuta na simu zikiwa katika mtandao mmoja wa ofisi, kurasa hufunguka hata kama waya wa kwenda nje umekatika.

KOMPYUTA INAVYOAMKA

Ili kuelewa namna ya kuifanya seva ijiwashe yenyewe, yafaa tujue kompyuta inavyoamka. Kuamka huko kuna ngazi nne.

Kwanza, umeme unapoingia, programu ndogo iliyomo katika ubao mkuu wa kompyuta hukagua vifaa, kisha hutafuta diski yenye mfumo.

Pili, kipakizi, ambacho katika kompyuta nyingi za Linux huitwa GRUB, hukichukua kiini cha Linux kutoka diskini na kukiweka katika kumbukumbu ya kompyuta.

Tatu, kiini hushika uendeshaji wa vifaa vyote, kisha huanzisha programu moja tu ya kwanza. Programu hiyo hupewa namba 1, nayo ndiyo mzazi wa programu zote zitakazofuata.

Nne, programu hiyo ya namba 1 husoma orodha ya huduma zilizoandikishwa, na kuziwasha moja baada ya nyingine, au kadhaa kwa pamoja. Huduma isiyokuwa katika orodha haiwashwi.

Ngazi hii ya nne ndiyo yenye kutuhusu. Zamani kazi ya programu ya namba 1 ilifanywa kwa utaratibu uliorithiwa kutoka mfumo wa Unix uitwao System V, wa mwaka 1983. Tangu mwaka 2010 umeenea utaratibu mpya uitwao systemd, ulioanzishwa na Lennart Poettering na Kay Sievers. Fedora iliupokea mwaka 2011, Red Hat Enterprise Linux mwaka 2014, na Debian pamoja na Ubuntu mwaka 2015. Chama kinachotumia mojawapo ya mifumo hiyo, katika toleo lisilo la kale, kinatumia systemd. Na maelezo yafuatayo yanahusu utaratibu huo.

KUWASHA SI KUANDIKISHA

Hapa ndipo penye kiini cha makala yetu. Katika systemd kuna amri mbili ambazo watu huzidhania kuwa moja. Ya kwanza ni hii:

sudo systemctl start nginx

Amri hiyo huiwasha seva sasa hivi. Haiandiki neno lolote popote. Kompyuta ikizimwa, habari yake imekwisha. Amri ya pili ni hii:

sudo systemctl enable nginx

Amri hii huiandikisha seva katika orodha ya huduma za kuwashwa kila kompyuta inapoamka. Lakini haiiwashi sasa. Neno sudo lililotangulia ni la kuomba mamlaka ya msimamizi wa kompyuta, kwa maana si kila mtumiaji anaruhusiwa kuubadili mpangilio wa mfumo.

Tofauti ya amri hizi ni kama tofauti ya mtu aliyealikwa kusikiliza mkutano na mtu aliyeandikwa katika rejista ya wanachama. Wa kwanza yupo leo. Kesho hakuna atakayemwita. Wa pili ataitwa kila mkutano, hata kama leo hakufika.

Uandikishaji wenyewe hauna fumbo. Amri ya enable huweka kiungo, yaani faili dogo lenye kuelekeza kwenye faili jingine, ndani ya folda iitwayo /etc/systemd/system/multi-user.target.wants. Systemd inapofikia hatua ya kuitayarisha kompyuta kwa kazi za kawaida, huitazama folda hiyo, na kila kilichomo hukiwasha. Katibu anayetaka kuiona rejista ya kompyuta yake na afungue folda hiyo. Atayaona majina ya huduma yamepangwa.

Makosa mengi hutokea kwa sababu fundi aliiwasha seva, akaona kurasa zinafunguka, akakabidhi kazi na kuondoka. Kila mtu aliridhika, na kwa haki, kwa maana seva ilikuwa inafanya kazi. Ilifanya kazi kwa miezi mitatu mfululizo mpaka umeme ulipokatika kwa mara ya kwanza. Kule kufanya kazi kwa miezi mitatu hakukuthibitisha lolote juu ya siku kompyuta itakapoamka upya.

HATUA ZA KUFUATA

Kwanza, jua jina la huduma yako. Seva ya nginx huitwa nginx kila mahali. Lakini Apache huitwa apache2 katika Debian na Ubuntu, na huitwa httpd katika Fedora, Red Hat, AlmaLinux na Rocky Linux. Anayeandika jina lisilo lake ataambiwa na mfumo kwamba huduma hiyo haipo.

Pili, uliza kama imeandikishwa:

systemctl is-enabled nginx

Jibu likiwa enabled, seva imeandikishwa. Likiwa disabled, haikuandikishwa. Likiwa masked, kuna mtu aliyeifungia kwa makusudi, na amri ya enable haitafaa kitu mpaka kifungo hicho kiondolewe kwa amri ya unmask. Kabla ya kukiondoa, ulizeni kwanza sababu ya kuwekwa kwake.

Tatu, iandikishe na kuiwasha kwa pamoja:

sudo systemctl enable --now nginx

Katika Debian na Ubuntu, seva hizi huandikishwa zenyewe mara tu zinapowekwa katika kompyuta. Katika Fedora, Red Hat na jamaa zake haziandikishwi mpaka msimamizi aamuru. Ndiyo sababu fundi aliyezoea upande mmoja husahau jambo hili anapofanya kazi upande wa pili.

Nne, uliza kama sasa inafanya kazi:

systemctl status nginx

Jibu hilo huonyesha mambo yote mawili kwa pamoja: kama huduma imeandikishwa, na kama inafanya kazi wakati huo. Yasomeni yote mawili.

Si ajabu kukutana na maelekezo ya zamani yanayomtaka mtu aandike amri yake katika faili la /etc/rc.local. Njia hiyo ilifaa wakati wake. Kasoro yake ni kwamba amri huendeshwa mara moja tu na hakuna anayeisimamia. Seva ikianguka saa moja baadaye, hakuna atakayeiinua.

PROGRAMU YA CHAMA YENYEWE

Apache na nginx huja na faili lao la maelezo kwa systemd. Lakini chama chaweza kuwa na programu yake ya hesabu iliyotungwa na kijana wa mahali pale, na programu hiyo haina faili. Hapo hatuna budi kuliandika wenyewe. Mathalani, tuseme programu imo katika folda ya /srv/mizani na inaitwa seva. Fungua faili jipya liitwalo /etc/systemd/system/mizani.service na uandike hivi:

[Unit]
Description=Kurasa za mizani na malipo
Wants=network-online.target
After=network-online.target

[Service]
User=chama
WorkingDirectory=/srv/mizani
ExecStart=/srv/mizani/seva
Restart=on-failure
RestartSec=5

[Install]
WantedBy=multi-user.target

Faili hili lina sehemu tatu. Sehemu ya kwanza hueleza huduma ni ipi na ingojee nini kabla ya kuwashwa. Hapa inangojea mtandao uwe tayari. Sehemu ya pili hueleza iendeshwe na nani, kutoka folda ipi, kwa amri ipi, na ifanyweje ikianguka. Ni vema jina la mwendeshaji liwe la mtumiaji wa kawaida aliyefunguliwa kwa kazi hiyo tu, wala si msimamizi mwenye mamlaka yote, ili programu ikiwa na dosari isiharibu mfumo mzima.

Sehemu ya tatu ndiyo hueleza huduma iandikishwe wapi. Ikikosekana, amri ya enable haina pa kuweka kiungo, na mfumo utajibu kwamba huduma hii haina maelezo ya kuandikishwa. Faili likisha kamilika, amuru systemd isome upya mafaili yake, kisha iandikishe huduma:

sudo systemctl daemon-reload
sudo systemctl enable --now mizani

SABABU ZA KUSHINDWA

Kuandikishwa ni kuitwa, lakini aliyeitwa aweza kushindwa kufika. Zipo sababu nne ambazo aghalabu huonekana.

Ya kwanza ni kosa katika faili la mipangilio. Mtu hubadili mstari mmoja wakati seva inafanya kazi. Seva haisomi mabadiliko mpaka iagizwe kuyasoma au ianzishwe upya, kwa hiyo kosa hulala kimya kwa majuma mengi na kuzuka siku umeme unapokatika. Dawa yake ni kukagua kila baada ya kubadili: kwa nginx tumia sudo nginx -t, na kwa Apache sudo apachectl configtest.

Ya pili ni mlango uliokwisha chukuliwa. Kurasa za wavuti hupita katika mlango wa namba 80, au 443 zikiwa zimefichwa kwa usalama. Programu mbili haziwezi kuukalia mlango mmoja katika anwani ile ile. Ikiwa Apache na nginx zote zimeandikishwa katika kompyuta moja bila kugawiwa milango, itakayotangulia itaingia na ya pili itaanguka.

Ya tatu ni kuwahi mno. Kompyuta mpya huamka upesi kuliko kifaa cha kugawa mtandao. Seva iliyoagizwa kusikiliza katika anwani maalumu, kwa mfano 192.168.1.10, hukuta anwani hiyo haijapatikana, nayo huanguka. Hapa ndipo mistari ya Restart na RestartSec inapoonyesha thamani yake. Mstari wa Restart huagiza huduma iliyoanguka iinuliwe tena. Lakini kwa kawaida systemd hungoja sehemu moja ya kumi ya sekunde tu kabla ya kujaribu tena, na huduma ikiisha kuwashwa mara 5 ndani ya sekunde 10 bila mafanikio, huiacha. Majaribio yote yaweza kumalizika kabla mtandao haujapata hata nafasi ya kuamka, na seva ikabaki imelala mpaka afike mtu. Kungoja sekunde 5 kati ya jaribio na jaribio huondoa tatizo hilo, kwa kuwa majaribio matano hayawezi kutokea ndani ya sekunde kumi.

Ya nne ni diski isiyokuwapo. Kama hesabu zimewekwa katika diski ya nje, na mtu ameichomoa, mfumo waweza kukataa kuendelea kuamka na kumngoja msimamizi. Katika faili la /etc/fstab, diski isiyo ya lazima kwa uhai wa mfumo iandikiwe neno nofail, ili kompyuta iamke hata bila hiyo. Kisha, katika faili la huduma, uandikwe mstari wa RequiresMountsFor pamoja na jina la folda ya hesabu, ili seva isifunguliwe na kuonyesha kurasa tupu. Mwanachama akiona ukurasa haufunguki atauliza. Akiona hesabu yake imeandikwa sifuri, imani yake kwa chama itatikisika.

Seva ikishindwa, msikimbilie kubahatisha. Mfumo huandika kumbukumbu zake, nazo husomwa kwa amri hii:

sudo journalctl -u nginx -b

Herufi b ya mwisho huagiza zionyeshwe kumbukumbu za tangu kompyuta ilipoamka mara ya mwisho. Aghalabu sababu imo katika mistari michache ya mwisho, nayo hutaja faili na namba ya mstari wenye kosa. Mistari hiyo na inakiliwe kwanza, ndipo fundi apigiwe simu.

UMEME UNAPORUDI

Yote yaliyosemwa hayafai kitu ikiwa kompyuta yenyewe haiwaki umeme unaporudi. Kompyuta nyingi za mezani hubaki zimezimwa mpaka kitufe kibonyezwe. Katika mipangilio ya ubao mkuu, ambayo hufunguliwa kwa kubonyeza kitufe cha F2 au Delete mara tu kompyuta inapowashwa, aghalabu kuna kipengele cha kueleza mashine ifanye nini umeme ukirudi. Chagueni kwamba iwake. Kompyuta nyingi za kupakata hazina kipengele hicho. Kompyuta ndogo za Raspberry Pi huwaka zenyewe pindi zinapopata umeme.

Angalieni pia betri ndogo iliyomo katika ubao mkuu. Ikifa, kompyuta ya zamani yaweza kusahau mipangilio hiyo na hata tarehe.

Liko jambo moja ambalo halmashauri yenyewe yapaswa kuliamua. Diski iliyofungwa kwa siri, ili mwizi wa kompyuta asisome hesabu za wanachama, kwa kawaida huomba neno la siri kila kompyuta inapoamka. Mpaka neno hilo liandikwe, hakuna seva itakayowashwa. Usalama wa hesabu na wepesi wa kuamka vinapingana hapa. Chama ambacho ofisi yake haina ulinzi usiku chaweza kuchagua usalama, na kuwapa watu wawili wanaoaminika neno hilo. Chama chenye mlinzi na mlango wa chuma chaweza kuchagua wepesi. Lililo baya ni kuliacha jambo hilo liamuliwe na fundi peke yake bila viongozi kujua.

JARIBIO NA DAFTARI

Uthibitisho wa kazi hii ni mmoja tu, nao ni kuizima kompyuta na kuiona ikiamka. Chagueni siku isiyo ya mizani wala malipo. Hakikisheni hesabu zimenakiliwa mahali pengine. Amuruni sudo reboot, msiguse kitu, kisha fungueni ukurasa kwa simu. Kuufungulia katika kompyuta ile ile hakutoshi, kwa maana hakuthibitishi kwamba mtandao nao umeamka. Ukurasa ukifunguka, izimeni kompyuta kwa utaratibu wake, kateni umeme ukutani, ngojeni dakika moja, kisha urudisheni. Msichomoe waya wakati kompyuta ingali inafanya kazi, maana hesabu zilizo njiani kuandikwa diskini zaweza kuharibika.

Jaribio hili lirudiwe kila baada ya fundi kubadili jambo lolote, na fundi asilipwe malipo yake ya mwisho kabla katibu hajaliona kwa macho yake likifaulu.

Mwisho, yaandikwe katika daftari la ofisi mambo haya: jina la huduma, mahali lilipo faili lake la mipangilio, amri ya kuiuliza hali yake, amri ya kusoma kumbukumbu, tarehe ya jaribio la mwisho, na majina ya watu wasiopungua wawili wanaoweza kuifanya kazi hiyo. Daftari hilo liwe la karatasi. Maelekezo yaliyohifadhiwa ndani ya kompyuta hayasomeki siku ambayo kompyuta haikuamka.

Ndugu zetu, tumezoea kudai kwamba fedha za chama zisitolewe kwa sahihi ya mtu mmoja. Basi na hesabu za wanachama zisifunguliwe kwa kumbukumbu ya mtu mmoja. Katika kikao kijacho cha halmashauri, katibu na aulize swali hili, na jibu liandikwe katika kumbukumbu za kikao: umeme ukikatika usiku wa leo, je, kesho asubuhi mwanachama atayaona malipo yake bila kumngojea mtu yeyote?